Refa Kapuliza Nini? Mwongozo wa Kusoma Maamuzi Kwenye Mechi za Watoto

Kila wikendi maswali ni yale yale. Hapa Kigoma, kuanzia viwanja vya Mwanga na Gungu mpaka Ujiji, mzazi aliyemleta mwanawe uwanjani kwa mara ya kwanza anauliza alichouliza mwenzake wiki iliyopita. "Mbona mpira umemgonga mkononi na refa kaacha?" "Mbona yule kaotea na kibendera hakijanyanyuka?" "Mbona kadi ya njano wakati kamzuia mtoto anayekwenda kufunga?" Makocha wapya nao wanayauliza, na wachezaji wao wakiwa wanawasikiliza.

Mwongozo huu ni wako wewe mzazi, mlezi, kaka au dada mkubwa, na wewe uliyepewa timu ya mtaa ghafla kwa sababu kocha kahama. Hautakufanya uwe refa. Utakusaidia kusoma uamuzi: kipenga kikishalia, ujue ndani ya sekunde chache refa ameona nini, hata kama ulipokuwa umesimama hukukiona. Refa hana kipaza sauti mkononi, lakini anasema kila kitu kwa mkono wake, kwa kibendera cha msaidizi wake na kwa mahali anapouweka mpira. Ukijua kuvisoma hivyo vitatu, maswali mengi yanajijibu kabla hujafungua mdomo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Sheria za mpira wa miguu kwenye simu yako. Ziko 17 tu, na zinatolewa bure mtandaoni na IFAB, chombo kilichoundwa mwaka 1886 ambacho ndicho chenye mamlaka ya kuzibadilisha. Mabadiliko ya kila mwaka huanza kutumika Julai 1, kwa hiyo nakala uliyoihifadhi miaka mitano iliyopita itakudanganya.
- Kanuni za mashindano yenu. Hizi ni tofauti na zile sheria 17. Ziombe kwa mwandaaji, hata kwa WhatsApp.
- Saa, kalamu na karatasi.
- Mahali pazuri pa kusimama: hatua kadhaa nje ya mstari wa pembeni, usimzibie njia mshika kibendera, na usikae nyuma ya goli. Nyuma ya goli huwezi kuona kuotea, na unamchanganya kipa.

Hatua kwa hatua

1. Jua mechi ya leo inachezwa kwa kanuni zipi

Mechi ya watoto si Ligi Kuu iliyopunguzwa ukubwa. Sheria zenyewe zinaruhusu mashindano ya vijana yabadilishe baadhi ya mambo: ukubwa wa uwanja, ukubwa na uzito wa mpira, upana na urefu wa goli, muda wa mchezo, na sabu kurudi tena uwanjani baada ya kutoka. Ndiyo maana mtoto aliyetoka dakika ya kumi unaweza kumwona amerudi kipindi cha pili na refa hajashtuka. Ndiyo maana pia wadogo huchezea mpira namba 4, wakati wakubwa huchezea namba 5 wenye uzito wa gramu 410 hadi 450.

Uliza mambo haya kabla mechi haijaanza: kila kipindi ni dakika ngapi, sabu ni wangapi na wanaruhusiwa kurudi au hapana, na kama mashindano yanatumia adhabu ya kutoka kwa muda. Hii ya mwisho huwashangaza wengi. Tangu mwaka 2017 mashindano ya vijana yanaruhusiwa kumtoa nje kwa muda mchezaji aliyeonyeshwa kadi ya njano, kisha akarudi. Muda wenyewe ni kati ya asilimia 10 na 15 ya mchezo mzima, yaani dakika 6 hadi 9 kwa mechi ya dakika 60. Ukiona kadi ya njano, kisha refa anaonyesha nje kwa mikono yote miwili, hajachanganya rangi za kadi.

2. Mkague mtoto wako kabla refa hajamkagua

Hii ni haraka. Vikinga ugoko avae, na viwe ndani ya soksi. Hereni, cheni, pete, bangili, kamba ya ngozi au mpira mkononi, vyote vivuliwe. Kuvifunika kwa plasta hairuhusiwi, hata kama hereni ni ndogo kiasi gani. Binti anayetoboa masikio wiki moja kabla ya mashindano atakaa benchi, na refa aliyemzuia atakuwa anamlinda yeye na wenzake.

Kuhusu viatu, sheria inavitaja kama kifaa cha lazima. Kwenye chandimu za mtaani watoto wengi hucheza peku, na hilo tunalijua. Kinacholeta majeraha mabaya ni kuchanganya: huyu peku, yule kavaa njumu. Makocha wamalizane hapo hapo kabla ya kuanza, wasimwachie refa mzigo huo.

3. Kipenga kikilia, angalia mkono kwanza

Watu wengi kipenga kikilia wanamwangalia mtoto aliyeanguka. Acha hilo kwa sekunde mbili, mwangalie refa.

Mkono ukinyooka kuelekea upande mmoja, ni adhabu ya moja kwa moja. Upande anaoelekeza ndiko timu iliyopewa mpira inakoshambulia. Mpigaji anaweza kufunga bila mwingine kugusa.

Mkono ukinyanyuliwa juu kabisa na kubaki juu mpira ukipigwa, ni adhabu isiyo ya moja kwa moja. Lazima mchezaji wa pili auguse ndipo goli lihesabike. Ukiingia moja kwa moja golini kwa wapinzani, hakuna goli, ni goli kiki. Hapa ndipo vilio vya "goli letu limeliwa" hutokea, na mkono ulikuwa juu muda wote huo, kila mtu angeweza kuuona.

Mkono mmoja au yote miwili ikisukumwa mbele na mchezo ukiendelea, refa ameiona rafu lakini ameipa faida timu iliyochezewa. Usimpigie kelele kwamba hajaona. Ameona, na akipenda anaweza kurudi kumpa kadi yule aliyecheza rafu mpira utakaposimama. Ile faida isipopatikana ndani ya sekunde chache, anairudia rafu yenyewe.

Kisha mwangalie mshika kibendera. Akikinyanyua na kukitikisa, ameona rafu upande wake. Akikiinamisha kuelekea kona, ni kona. Akikinyoosha mbele usawa wa bega kuelekea golini, ni goli kiki. Akikimbia kurudi kuelekea katikati ya uwanja baada ya mpira kuingia, anasema goli ni halali. Kwa kuotea, kwanza kibendera hunyanyuka, halafu kipenga kikishalia kinaonyesha alipo aliyeotea: kikibaki kimeelekea juu, ni upande wa mbali, kikinyooka usawa, ni katikati, kikiinama, ni upande wa karibu naye.

Ukitaka kujizoeza, nenda uwanja wa Lake Tanganyika siku timu ya Mashujaa inacheza. Kaa jukwaani, na kwa kipindi kizima mwangalie mshika kibendera mmoja tu, achana na mpira. Kipindi hicho kimoja kitakufundisha kuliko mechi nyingi za kubishana.

4. Kisha angalia mpira unawekwa wapi

Mahali mpira unapowekwa ni nusu ya maelezo. Rafu ya adhabu ya moja kwa moja iliyochezwa na beki ndani ya eneo lake la hatari ni penalti, hata kama mpira ulikuwa upande mwingine wa uwanja, mradi ulikuwa bado unachezwa. Na mistari ni sehemu ya eneo inaloliwekea mpaka: rafu juu ya mstari wa boksi ni rafu ndani ya boksi. Kwenye viwanja vyetu ambavyo mistari huchorwa kwa chokaa au majivu na kufutika kabla ya mapumziko, jambo hili linaleta ugomvi usio na sababu. Kabla ya mechi tembea kwenye mstari wa boksi uone umepita wapi.

Ukiona mpira umewekwa ndani ya boksi lakini si kwenye alama ya penalti, na mkono wa refa uko juu, ni adhabu isiyo ya moja kwa moja. Mara nyingi sababu ni kipa kuudaka mpira aliopigiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi, au kuudaka mpira wa kurusha kutoka kwa mwenzake. Kanuni ya pasi ya kurudisha kwa kipa ilianza mwaka 1992. Zingatia: kwa mguu, na kwa makusudi. Beki akiurudisha kwa kichwa au kwa kifua, kipa anadaka bila shida, isipokuwa ikiwa ni ujanja wa wazi wa kuikwepa sheria. Na mpira uliomparuza beki gotini ukaenda wenyewe kwa kipa si pasi.

Refa akiudondosha mpira kwa mkono wake, mchezo ulisimama bila kosa la mtu: mtoto kaumia, mpira umepasuka, au ulimgonga refa mwenyewe ukabadilisha umiliki au ukaanzisha shambulizi. Siku hizi timu mbili hazigombanii tena mpira huo. Unadondoshewa mchezaji mmoja, wengine wote wakae mita 4. Ulipokuwa ndani ya boksi, anapewa kipa.

5. Pima rafu kwa ngazi tatu

Sauti inayosikika kuliko zote kando ya uwanja ni hii: "Kacheza mpira!" Tafadhali, iache nyumbani. Mtoto anaweza kuugusa mpira kwanza, kisha akampiga mwenzake mguu, na ikawa rafu. Refa haulizi tu kama mpira umeguswa. Anauliza aliingiaje.

Ngazi ya kwanza ni uzembe: hakuangalia, hakukadiria, kamkata mwenzake mtama bila nia mbaya. Hiyo ni adhabu tu, hakuna kadi. Watoto wa miaka kumi wanakaa ngazi hii karibu muda wote, kwa sababu miguu yao imerefuka kabla hawajaizoea.

Ngazi ya pili ni kutojali hatari: ameona kwamba anaweza kumuumiza mwenzake na akaingia hivyo hivyo. Njano.

Ngazi ya tatu ni nguvu kupita kiasi, inayohatarisha usalama wa mpinzani. Nyekundu, hata kama mtoto mwenyewe baadaye analia na kuomba msamaha. Machozi yake ni ya kweli, lakini mguu wa mwenzake nao ni wa kweli.

Bega kwa bega, wote wakiuwania mpira, si rafu kwa sababu tu mmoja ni mwembamba akaanguka. Ukiwa mzazi wa mwembamba hili linauma. Bado si rafu.

6. Kuunawa: tazama mkono ulikuwa wapi na ulifanya nini

Kwanza, mkono unaanzia wapi? Mpaka wake wa juu ni usawa wa kwapa. Mpira ukimpiga juu ya bega, hajaunawa. Vumbi likiwa limetimka, kutoka upande wa pili wa uwanja bega na mkono vinaonekana kitu kimoja, na refa aliye hatua chache tu ameona vizuri kuliko wewe.

Pili, si kila mguso ni kosa. Ni kosa mtoto akiupeleka mkono kwenye mpira kwa makusudi. Ni kosa pia akiutanua mwili wake isivyo kawaida: mikono imepanuliwa pembeni au juu bila mwendo wa mwili kuidai. Lakini mtoto anayekimbia mikono yake inapiga mbele na nyuma, na anayeruka lazima mikono inyanyuke. Refa anajiuliza kama mkono ule ulikuwa pale kwa sababu ya anachokifanya, au ulikuwa pale kuuzibia mpira njia.

Tatu, kuna jambo moja ambalo halitazami nia hata kidogo. Mchezaji akifunga moja kwa moja kwa mkono wake, au akifunga mara tu baada ya mpira kumgusa mkononi, goli halihesabiki hata kama ilikuwa bahati mbaya kabisa. Tangu 2021 hili linamhusu mfungaji mwenyewe tu. Mpira ukimgusa mwenzake mkononi kwa bahati mbaya, kisha ukamfikia mwingine akafunga, ni goli. Makocha wengi bado wanatumia kanuni ya zamani na kuwafundisha watoto wasimame wadai. Wakisimama, mpira uko wavuni.

Mkimfundisha beki chipukizi kukaba na mikono nyuma ya mgongo, msimzoeshe kukimbia hivyo. Anapoteza uwiano na anaanguka. Inatosha aizuie mikono isipanuke pale anapouzuia mpira.

7. Kuotea: fanya zoezi la vizibo

Kuotea hakueleweki kwa kuelezwa mdomoni, kwa hiyo chukua vizibo vya soda na punje moja ya hindi. Vizibo vitatu vya rangi moja ni timu inayolinda: kipa na mabeki wawili. Viwili vya rangi nyingine ni washambuliaji. Punje ndiyo mpira. Ukingo wa meza ndio mstari wa goli.

Weka punje mbele ya mshambuliaji wa kwanza, huku nyuma karibu na katikati. Mshambuliaji wa pili msogeze mbele ya mabeki wote wawili, abaki kipa tu mbele yake. Sema "pasi" na ugandishe kila kitu. Hesabu: kati yake na ukingo wa meza kuna wapinzani wangapi? Mmoja. Yuko pahali pa kuotea. Sasa mrudishe mpaka alingane sawasawa na beki wa mwisho. Kulingana si kuotea. Msogeze tena mbele, lakini safari hii punje iwe mbele yake, yaani mpira uko karibu zaidi na goli kuliko yeye. Hajaotea, hata kama amebaki na kipa.

Zoezi muhimu zaidi ni hili. Mrudishe alingane na beki, sema "pasi", halafu msogeze mbio mpaka mbele peke yake huku punje ikimfuata. Watu waliotazama alipopokea watapiga kelele kwamba kaotea. Lakini kinachohesabiwa ni pale alipokuwa wakati mwenzake anaupiga mpira, si pale alipoupokea. Mshika kibendera mzuri anatembea sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa, ili auone wakati huo. Wewe ukiwa usawa wa katikati ya uwanja hujauona, na huwezi kuuona.

Mambo manne ya kuongeza:

- Mikono haihesabiki katika kuotea, ya mshambuliaji wala ya beki.
- Aliye nusu yake mwenyewe ya uwanja hajaotea, hata akiwa mbele ya kila mtu.
- Hakuna kuotea mpira ukitoka moja kwa moja kwenye goli kiki, kwenye kurusha au kwenye kona. Watoto wajue hili. Ni silaha nzuri.
- Kuwa pahali pa kuotea pekee si kosa. Ni kosa akijihusisha na mchezo: akaucheza mpira, akamzibia kipa asione, au akafaidika na mpira uliogonga mwamba au uliopanguliwa. Ndiyo maana kibendera wakati mwingine kinachelewa. Msaidizi anasubiri aone nani ataucheza.

8. Goli: mpira wote, mstari wote

Mpira unahesabika umevuka pale tu umbo lake zima limeupita upana wote wa mstari, chini au hewani. Chembe moja ikibaki juu ya mstari, hakuna goli. Ndivyo ilivyo pia kwa kurusha na kona. Nchi nzima ilibishana kuhusu shuti la Aziz Ki wa Yanga dhidi ya Mamelodi Sundowns kule Pretoria, Aprili 2024, lililogonga mwamba wa juu likadunda chini, na goli likakataliwa. Pale palikuwa na kamera kila upande na ubishi haukwisha. Uwanja wa mtaa hauna kamera, na pengine hauna hata nyavu. Refa akisema haukuvuka, haukuvuka, mchezo uendelee.

9. Kipa na sekunde nane

Hili ni jipya, wengi halijawafikia. Tangu Julai 2025, kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Kanuni ya zamani ilikuwa sekunde 6 na adhabu isiyo ya moja kwa moja, na kwa kweli marefa wengi waliifumbia macho. Sasa refa hunyanyua mkono na kuhesabu sekunde 5 za mwisho waziwazi kwa vidole. Mfundishe kipa wako kuutazama mkono huo.

10. Kadi kwa kuzuia goli la wazi

Refa anatazama mambo manne: umbali mpaka golini, mchezo ulikuwa unaelekea wapi, mshambuliaji angeupata mpira au hapana, na mabeki wangapi walikuwa karibu na wako upande gani. Yote yakiashiria goli, nje ya boksi ni nyekundu.

Ndani ya boksi mambo yanabadilika, na hapa ndipo lile swali la kadi ya njano linapojibiwa. Beki akijaribu kwa dhati kuucheza mpira, akachelewa na kumwangusha mshambuliaji, ni penalti na njano. Timu imerudishiwa nafasi yake ya kufunga kwa penalti, kwa hiyo haiadhibiwi mara mbili. Akimvuta jezi, akimsukuma, au asipokuwa na namna yoyote ya kuufikia mpira, ni penalti na nyekundu. Akiuzuia mpira kwa mkono kwa makusudi, nyekundu vilevile.

Wengi huuliza kwa nini refa asitoe tu goli, mpira ukiwa unaingia na mtu akauzuia kwa mkono. Hana mamlaka hayo. Waafrika tulilijua hilo kwa uchungu Julai 2, 2010 kule Johannesburg, Luis Suárez wa Uruguay alipouzuia kwa mikono mpira wa Ghana kwenye mstari wa goli. Refa alitoa kila kitu ambacho sheria ilimruhusu: nyekundu na penalti. Asamoah Gyan akagonga mwamba wa juu, na Ghana ikatolewa kwa matuta.

Makosa yanayojirudia kando ya uwanja

Kudai mtoto aliyerusha vibaya arudie. Miguu yote miwili iguse chini, juu ya mstari au nyuma yake. Mikono yote miwili. Mpira utoke nyuma ya kichwa na kupita juu yake. Akikosea, kurusha kunahamia kwa wapinzani. Anarudia tu pale mpira haukuingia uwanjani.

Kulalamika mchezaji anayebadilishwa katoka nje kwa upande wa pili. Anapaswa kutoka kwenye mstari ulio karibu naye, isipokuwa refa aseme vingine.

Kuhesabu dakika kwa saa yako na kumwonyesha refa. Muda uliopotea anauongeza yeye, na saa yake ndiyo inayotumika.

Kocha kudhani kadi ni za watoto tu. Tangu 2019 refa anaweza kumwonyesha kocha njano au nyekundu. Mzazi haonyeshwi kadi, lakini kelele zake zinaweza kuifanya mechi isimamishwe, na watoto ndio watakaopoteza mchezo wao.

Ukikwama

*Refa yuko peke yake, hana washika vibendera.* Kila timu itoe mtu mzima mmoja ambaye refa amemkubali. Kazi yao iwe kuonyesha mpira uliotoka nje tu. Kuotea na rafu aachiwe refa, na mkubaliane hivyo mbele ya makocha wote.

*Una hakika refa kakosea.* Tofautisha vitu viwili. Kama ubishi ni juu ya kilichoonekana, kwamba aligusa au hakugusa, alivuka au hakuvuka, uamuzi wa refa ni wa mwisho. Kama ni juu ya sheria yenyewe, kwa mfano kamtoa mtoto kwa kadi moja ya njano na mashindano hayana adhabu ya muda, nahodha amwendee kwa heshima kabla mchezo haujaanzishwa tena. Refa anaweza kujirekebisha mpaka hapo. Mchezo ukishaendelea, hawezi. Baada ya hapo andika dakika, tukio na sheria unayoitaja, umpe kiongozi wa timu apeleke kwa waandaaji. Karatasi yenye maelezo hayo inasomwa, kelele hazisomwi.

*Refa ni kijana mdogo, au ni binti, na watu wanamdharau.* Msimamie. Salima Mukansanga wa Rwanda, jirani zetu hapa, mwaka 2022 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi kwenye michuano ya AFCON ya wanaume. Marefa wa Kigoma wa kesho wanaanzia kwenye viwanja hivi hivi, na kinachowakimbiza ni matusi ya watu wazima. Mkimfukuza huyu, Jumamosi ijayo watoto hawatakuwa na wa kuwachezesha.

*Mtoto anarudi nyumbani analia kwamba kaonewa.* Usimwambie kwanza kwamba refa ni mbovu. Muulize refa alielekeza mkono wapi na mpira uliwekwa wapi, kisha mtoe vizibo mlirudie tukio mezani. Mara nyingi mtoto mwenyewe anagundua kilichotokea. Na kama kweli kaonewa, mwambie hivyo.

*Mnashuku wapinzani wamechezesha vijeba, yaani waliozidi umri.* Hilo si la refa, na kumzonga katikati ya mechi hakusaidii. Vyeti vya kuzaliwa au kadi za usajili vikaguliwe na waandaaji kabla ya kuanza, mbele ya viongozi wa timu zote mbili. Rufaa nayo iende kwa waandaaji, kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa na kanuni.

*Mtoto kagonga kichwa.* Refa atasimamisha mchezo mara moja, hata timu yako ikiwa inashambulia. Usidai faida. Mtoto aliyepoteza fahamu hata kidogo, anayetapika au anayeona kizunguzungu, asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa. Apelekwe hospitali.

*Mawingu yametanda na radi inanguruma.* Kigoma radi si jambo la kupuuza. Refa ana mamlaka ya kusimamisha au kuvunja mechi kwa ajili ya usalama, na akifanya hivyo ondoeni watoto uwanjani haraka, waingie ndani ya jengo au kwenye gari lililofungwa. Wasikimbilie chini ya mwembe. Mechi itapangiwa siku nyingine na waandaaji, kulingana na kanuni zao.